Taa za tela kwenye gari lisilo na nyaya zake: umeme utoke kwenye betri, ethi iwe na waya wake

Swali: Nimefunga chuma cha kuvutia tela kwenye gari langu la Kijapani, la gia otomatiki, ambalo halikuja na nyaya za tela. Tela lenyewe nimechongesha hapa Uyole, Mbeya, kwa ajili ya kushusha viazi kutoka Isyonje. Fundi wa kwanza ameunganisha taa za tela moja kwa moja na nyaya za taa za nyuma za gari. Tulipojaribu usiku, taa ndogo zikiwa zimewaka, kila nikikanyaga breki taa ndogo za tela zinafifia na indiketa zake zinawaka kwa mbali bila kuwashwa. Fundi wa pili anasema kazi hiyo ibomolewe kwa sababu itaunguza kompyuta ya gari, na anataka kuweka relei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo wa ishara). Nimfuate yupi, na mpangilio sahihi wa nyaya kwenye soketi ni upi? Je, ni bora nitumie taa za LED?

Jibu:

Ndugu msomaji, umeeleza dalili kwa uangalifu kiasi kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali lako. Taa ndogo zinazofifia breki inapokanyagwa, huku indiketa ambayo haijawashwa ikitoa mwanga hafifu, ni dalili ya ethi mbovu ya tela, yaani njia mbovu ya kurudisha umeme kwenye betri. Hilo ni kosa moja. Kosa la pili ni njia aliyotumia fundi wa kwanza kupata umeme, nalo lingekuwepo hata kama ethi ingekuwa nzuri. Mfuate fundi wa pili, ingawa sababu aliyokupa ni moja tu kati ya sababu kadhaa.

Nianze na ethi, kwa kuwa mafundi wengi huifikiria mwishoni ilhali ndiyo njia inayobeba umeme wa taa zote kwa pamoja. Kila taa ya tela ina waya wake wa kuleta umeme, lakini zote hurudisha umeme huo kwenye betri kwa njia moja. Matela mengi yanayochomelewa kwenye karakana zetu hayawekewi waya wa ethi kabisa: mwili wa taa hufungwa kwenye chuma cha tela, kisha hutegemewa kwamba umeme utarudi kwenye gari kupitia kichwa cha tela na lile duara la chuma kinalokalia. Penye duara hilo pana grisi, pana mabaki ya rangi, pana kutu, na kila tela linaporuka kwenye shimo mgusano hulegea na kurudi. Waya wa ethi hata ukiwepo, mara nyingi umebanwa kwa skrubu juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya balbu moja. Taa ya nyuma ya tela kwa kawaida ina balbu yenye nyuzi mbili, uzi wa wati 21 kwa ajili ya breki na uzi wa wati 5 kwa ajili ya taa ndogo, na zote mbili hutumia kiuno kimoja cha chuma kuwa ethi. Ethi ikiwa nzuri, umeme wa breki hupita kwenye uzi wake, huingia kwenye kiuno na kuondoka. Ethi ikiwa mbovu, umeme huo hufika kwenye kiuno ukakosa pa kwenda, na volti za mahali hapo hupanda. Uzi wa taa ndogo, ambao ulikuwa na volti 12 upande mmoja na sifuri upande wa pili, sasa una volti zinazokaribiana pande zote mbili. Ndiyo maana ulififia mara tu ulipokanyaga breki. Umeme uliokwama hutafuta njia nyingine, nayo ni ya indiketa: huingia kwenye balbu ya indiketa ya tela kwa upande wa ethi, hupita kwenye uzi wake, hupanda na waya wa indiketa mpaka kwenye gari, kisha hupita kwenye balbu ya indiketa ya gari na kuishia kwenye bodi. Balbu hizo mbili hugawana volti chache zilizopo, kwa hiyo mwanga ulioona ulikuwa wa mbali tu.

Hapo ndipo makosa yako mawili yanapokutana. Kama taa za gari lako zinaendeshwa na kompyuta, ile sehemu iliyotengenezwa kutoa umeme kwenye waya wa indiketa inaletewa umeme kupitia waya huo huo, jambo ambalo haikutengenezwa kulipokea. Kwa hiyo onyo la fundi wa pili lina msingi, na ninakusihi usilivute tela hilo tena, hata kwa safari fupi, mpaka nyaya zitakapofanyiwa kazi upya.

Turudi kwenye mzigo wa umeme, maana hesabu yake ni nyepesi na inafaa uifahamu wewe mwenyewe. Balbu ya wati 21 kwenye volti 12 inakula ampea 1.75. Taa mbili za breki za tela zinakula ampea 3.5, indiketa zote mbili zikiwaka pamoja wakati wa dharura zinakula ampea 3.5 nyingine, na taa ndogo mbili pamoja na taa ya namba zinakula ampea 1 na robo hivi. Jumla ni ampea 8 na kitu. Kwa njia ya fundi wa kwanza, mzigo huo wote unabebwa na nyaya nyembamba, fyuzi na swichi zilizopimwa kiwandani kwa ajili ya taa za gari peke yake. Waya wa breki uliokuwa unalisha balbu mbili sasa unalisha nne, na katika mteremko mrefu kama ule wa kutoka Isyonje kuja Uyole mguu hukaa kwenye breki kwa muda ambao fundi hakuujaribu alipokuwa amesimama karakanani.

Zaidi ya hayo, hitilafu ya tela inakuwa hitilafu ya gari. Waya wa breki wa tela ukichubuka na kugusa chuma, fyuzi itakayokatika ni ile ya taa za breki za gari. Utabaki bila taa ya breki hata moja, si kwenye tela wala kwenye gari, na dereva wa lori anayekufuata kwenye ukungu wa Isyonje hatajua kwamba unapunguza mwendo. Kwenye magari mengi ya otomatiki kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wenye magari: ishara ya kanyagio la breki ndiyo inayoruhusu gia kutoka kwenye P, hivyo fyuzi hiyo ikikatika unaweza kusimama kununua mafuta ukashindwa kuondoka.

Kazi sahihi, basi, ni kulipa tela umeme wake kutoka kwenye betri na kuziachia nyaya za taa za gari kazi ya kutoa ishara tu. Waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 utoke kwenye chanya ya betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa karibu kabisa na betri, tuseme ndani ya sentimita 20, kisha uende hadi nyuma ya gari. Fyuzi isiwekwe nyuma karibu na relei kwa sababu tu huko kuna nafasi; kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, na kikichubuka kinaweza kuwasha moto.

Nyuma, ndani ya buti au pembeni mahali pakavu, ziwekwe relei nne: indiketa ya kushoto, indiketa ya kulia, breki na taa ndogo. Relei ya kawaida ya gari ina namba zilizoandikwa kwenye miguu yake. Namba 30 hupokea umeme wa betri, namba 87 huupeleka kwenye soketi ya tela, namba 86 hupokea ishara kutoka waya wa taa ya gari, na namba 85 huenda ethi. Koili ya relei, yaani waya uliozungushwa ndani yake unaoivuta swichi, hula takriban ampea 0.15, ambayo ni chini ya sehemu ya kumi ya balbu moja ya breki, kwa hiyo gari halihisi mzigo wowote wa maana. Umeme wa kurudi nyuma niliouelezea hapo juu nao hauna njia tena, kwa kuwa kati ya waya wa gari na waya wa tela hakuna muungano wa moja kwa moja. Kwa gari lenye kompyuta, muulize fundi relei zenye kinga ndani, yaani zenye daiodi au rezista sambamba na koili, kwa sababu koili inapozimwa hutoa mshituko mfupi wa volti nyingi. Zenye daiodi zina upande wa chanya na upande wa hasi. Zikigeuzwa, daiodi huungua au huikatisha fyuzi. Yapo pia masanduku yaliyokusanywa tayari yanayofanya kazi hiyo yote, na kama utapata la volti 12 kwa bei unayoimudu, lina faida ya kuwa na maungio machache.

Kuna tahadhari moja kwa magari ya miaka ya karibuni. Baadhi yake hutumia balbu moja yenye uzi mmoja kwa taa ndogo na breki, na kompyuta huipunguzia mwanga kwa kuukatakata umeme mara nyingi sana kwa sekunde. Ukipima waya huo kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, taa ndogo zikiwa zimewaka, utakuta volti 3, 4 au 5 badala ya 12. Relei ya kawaida ikipewa ishara ya namna hiyo hunguruma au haishiki kabisa. Dawa yake ni sanduku la kielektroniki lililotengenezwa kuusoma umeme wa namna hiyo, au kuichukua ishara ya taa ndogo mahali pengine, kwa mfano kwenye taa ya namba ya gari, ambayo mara nyingi hupewa volti kamili. Pimeni kwanza, ndipo mnunue.

Kuhusu soketi. Ile ya duara yenye matundu saba ya volti 12, inayotumika Ulaya na Afrika Kusini na ambayo ndiyo ninayokushauri, ina mpangilio huu: namba 1 ni indiketa ya kushoto, waya wa njano, namba 2 ni taa ya ukungu au kazi ya ziada, waya wa bluu, namba 3 ni ethi, waya mweupe, namba 4 ni indiketa ya kulia, waya wa kijani, namba 5 ni taa ndogo ya kulia, waya wa kahawia, namba 6 ni taa za breki zote mbili, waya mwekundu, na namba 7 ni taa ndogo ya kushoto, waya mweusi. Taa ya namba ya tela huunganishwa na mojawapo ya taa ndogo, kwa kawaida namba 5. Relei moja ya taa ndogo inaweza kulisha namba 5 na namba 7 kwa pamoja.

Angalia vizuri kwamba katika mpangilio huu waya mweusi si ethi. Mafundi waliozoea kuuona mweusi kuwa hasi huufunga kwenye chuma cha tela bila kuuliza, na taa ndogo zinapowashwa mara ya kwanza fyuzi inakatika. Zaidi ya hapo, usifuate rangi peke yake, kwa sababu kebo zinazouzwa madukani hazina rangi za aina moja. Fuata namba zilizochongwa nyuma ya soketi kwenye skrubu za kufungia nyaya. Ukiitazama soketi kwa mbele na kisha kwa nyuma, kushoto na kulia hubadilishana, na hapo ndipo wengi hukosea wanapohesabu kwa macho badala ya kusoma namba.

Mkoa wetu una mtego mwingine, kwa kuwa barabara kuu ya Tunduma imejaa malori na maduka mengi ya vipuri huwahudumia wenye malori kwanza. Soketi ya lori ya volti 24 inafanana sana na hii kwa umbo, lakini mpangilio wake ni mwingine kabisa: humo namba 1 ndiyo ethi, na namba 3 ni indiketa ya kushoto. Balbu nazo huchanganywa vivyo hivyo. Balbu ya volti 24 ikifungwa kwenye tela la volti 12 itawaka, na fundi ataridhika mchana akiwa amesogea karibu nayo, ila mwanga wake ni takriban sehemu ya kumi tu ya ule uliokusudiwa. Soma maandishi kwenye kiuno cha kila balbu kabla haijafungwa. Soketi na plagi za mtindo wa Kimarekani usizitumie kwenye tela lako, kwa kuwa mpangilio wao ni tofauti, na katika baadhi yake breki na indiketa hushirikiana waya mmoja.

Ethi yenyewe ifanywe hivi. Kutoka namba 3 ya soketi, upande wa gari, waya wa milimita za mraba 2.5 uende kwenye bolti ya bodi iliyoparuliwa rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, ubanwe kwa kichwa cha duara na nati, kisha mahali pote papakwe grisi au rangi baada ya kukazwa, wala si kabla. Upande wa tela, waya mweupe wa unene huo huo uende mpaka kwenye kila taa, na ufungwe pia kwenye chuma cha tela mahali pamoja. Taa zisitegemee chuma hata kidogo. Unene hapa si anasa: waya mwembamba wa spika, wa milimita za mraba 0.5, wenye urefu wa mita 6, ukibebeshwa ampea 8 hupoteza volti 1.7 hivi, na balbu iliyopungukiwa kiasi hicho hupoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake. Kwa nyaya nyingine za taa, milimita za mraba 1.5 zinatosha.

Kwa maungio, kataa vile vibanio vya plastiki vinavyoung'ata waya bila kuuchuna. Vinakata baadhi ya nyuzi za shaba na kuacha mwanya ambao unyevu huingia, na kwa mvua za Rungwe na Tukuyu msimu mmoja unatosha kuigeuza shaba iliyo ndani kuwa ya kijani. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu nako hakufai, kwa sababu gundi ya tepu hulegea kwa joto na vumbi. Muungio ubanwe kwa koleo la kazi hiyo au uchomwe kwa risasi, kisha ufunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Waya wa betri upite ndani ya gari chini ya zulia la kizingiti cha mlango, mbali na bomba la moshi, na kila unapopenya kwenye bati uwekewe mpira wa kuzuia kuchubuka. Wakati wa kutafuta ishara nyuma ya taa, hasi ya betri, inayochomolewa wakati wa kazi, ikiwa imerudishwa kwa ajili ya kupimia, fundi atumie multimita na asitumie ile taa ya kupimia yenye balbu kubwa. Na nyaya za njano za mifuko ya hewa, zinazopita kwenye vizingiti na nguzo za baadhi ya magari, zisiguswe kabisa.

Soketi ifungwe juu kidogo ya ncha ya chini ya bampa, kifuniko chake kikifungukia juu na sehemu ya chini ikiwa na tundu la kutolea maji. Kebo ya tela iachiwe urefu wa kutosha kona kali bila kukwaruza lami. Tundu zisafishwe mara kwa mara, maana vumbi la njia za mashambani huganda humo.

Kabla hujamlipa fundi, fanyeni majaribio haya mkiwa pamoja. Washa injini, unganisha tela, washa taa ndogo, kanyaga breki na uwashe indiketa za dharura, vyote kwa wakati mmoja, kwa sababu taa zikijaribiwa moja moja ethi mbovu hujificha. Fundi aweke ncha moja ya multimita kwenye kiuno cha balbu ya tela iliyo mbali zaidi, na ncha ya pili kwenye hasi ya betri kwa kutumia waya mrefu. Ikisoma chini ya volti 0.5, ethi inafaa. Ikisoma volti 1 au zaidi, asogeze ncha hatua kwa hatua, kutoka kwenye balbu hadi waya mweupe, hadi namba 3 ya plagi, hadi namba 3 ya soketi, hadi bolti ya bodi. Mahali ambapo kipimo kinashuka ghafla ndipo palipo na ubovu. Kisha chomoa plagi na uhakikishe kwamba taa za gari zinafanya kazi kama zilivyokuwa kabla ya tela.

Relei zina upungufu mmoja ambao ni lazima uujue. Gari lako halitakuonya balbu ya tela ikiungua, kwa kuwa halioni tena balbu hizo. Kabla ya kila safari mtu asimame nyuma atazame, na tela liwe na viakisi vyekundu vya pembetatu nyuma, ili lionekane hata taa zikizima njiani.

Kuhusu LED, ndiyo, kwa kazi yako ninazipendekeza. Tela la viazi hutikisika sana, na mtikisiko ndio unaokata nyuzi za balbu. LED hazina uzi, na hula umeme kidogo mno. Nunua zilizozibwa kabisa dhidi ya maji na zilizoandikwa volti 10 hadi 30, ambazo hazijali kama zimetoka duka la vipuri vya malori. Kwa mpangilio wa relei niliouelezea zitafanya kazi bila shida. Ila ukinunua sanduku la kielektroniki, muulize muuzaji kama linakubali LED, kwa sababu baadhi hutuma mapigo madogo ya umeme kuchunguza kama balbu ni nzima, na LED huyaonyesha mapigo hayo kwa kumetameta hata zikiwa zimezimwa.